Jibu Limo Katika Kifungu: Somo la Ufahamu wa Kiingereza kwa Vijana wa Sekondari

Wasomaji wetu, hasa ninyi vijana wa shule za sekondari, na ninyi wazazi mnaowalipia karo, somo la juma hili ni habari ya kusoma Kiingereza na kukifahamu. Twaliandika kwa sababu mashindano ya Kiingereza baina ya shule yamekuwa jambo la kawaida katika Kenya. Shule moja huzialika nyingine siku ya Jumamosi. Wanafunzi huketi katika ukumbi mmoja, hupewa karatasi moja, na walimu husahihisha kwa pamoja. Jioni matokeo hutangazwa. Shule iliyoshinda hurudi kwao ikiimba ndani ya basi, na iliyoshindwa hurudi ikiulizana, "Tulikosea wapi?"

Mwalimu ye yote aliyezoea kusahihisha karatasi hizo atakuambia kwamba alama nyingi hupotea katika ufahamu, yaani pale mwanafunzi anapopewa kifungu cha habari akisome, kisha ajibu maswali juu yake. Wengi hudhani kwamba hilo ndilo swali rahisi kuliko yote, maana majibu yamo katika karatasi ile ile. Ni kweli yamo. Lakini mtu aweza kupita mbele ya nyumba ya rafiki yake asiione, kwa sababu alikuwa akitazama mahali pengine. Ndivyo ilivyo katika kusoma.

MTIHANI NA ALAMA ZAKE

Kwanza yafaa tujue historia kidogo. Siku za ukoloni wanafunzi wa sekondari katika Kenya walifanya mtihani wa Cambridge, uliotungwa Uingereza. Mwaka 1967 nchi za Kenya, Uganda na Tanzania ziliunda baraza lao la mitihani la Afrika Mashariki. Na mwaka 1980 Kenya ikaanzisha Baraza lake la Taifa la Mitihani. Mtihani wa KCSE, ufanywao mwishoni mwa kidato cha nne, ulianza mwaka 1989. Katika safari hiyo yote vitabu vimebadilika na watahini wamebadilika, lakini swali la ufahamu halikuondoka. Kila mtu anayetunga mtihani wa lugha ataka kujua jambo hili kwanza: je, mwanafunzi huyu aweza kusoma maneno ya mtu mwingine na kuyaelewa kama yalivyoandikwa?

Katika KCSE, Kiingereza kina karatasi tatu. Ya pili, yenye alama 80 na muda wa saa mbili na nusu, ndiyo iliyo na ufahamu. Kifungu cha ufahamu chapewa alama 20. Dondoo kutoka kitabu cha fasihi, alama 25. Shairi au hadithi simulizi, alama 20. Na sarufi, alama 15. Karatasi za mashindano ya shule kwa kawaida hufuata mfano huo. Sasa gawanya dakika 150 kwa alama 80, nawe utaona kwamba kila alama ina muda wa dakika mbili kasoro kidogo. Basi kifungu cha alama 20 usikitumie zaidi ya dakika 35, ili zibaki dakika chache za kupitia kazi yako.

WASICHANA WAWILI WA WOODLEY

Ili somo lisiwe kavu, tutatoa mfano wa wasichana wawili. Ni watu wa mfano tu, lakini walimu wengi wa Nairobi watawatambua. Wote wawili wakaa Woodley, mtaa ulio kando ya Ngong Road, karibu na maduka ya Adams Arcade. Mtaa huo halmashauri ya mji iliujenga siku za ukoloni kwa ajili ya Wazungu, na jirani yake ni Kibera. Wasichana hawa wapo katika kidato kimoja, na shule yao yataka mtu mmoja wa kukamilisha kundi la mashindano.

Msichana wa kwanza ametoka katika nyumba yenye rafu ya vitabu. Baba na mama yake husema naye kwa Kiingereza, naye hukisema bila kusita. Msichana wa pili akaa na mjomba wake upande ulio karibu na Kibera, katika chumba kimoja. Husoma gazeti lililofungiwa mboga, na kitabu kilichochakaa alichonunuliwa mjini kwa wale wauzaji wanaotandaza vitabu kando ya njia, ambapo mnunuzi hana budi kuinama achague. Akisema Kiingereza huenda polepole, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe.

Mwalimu wao aliwapa kifungu kimoja na maswali manane. Nawe msomaji, chukua kalamu na daftari, ukifanye pamoja nao kabla ya kusoma maelezo yetu. Mzee anayetajwa ndani yake ni mtu wa hadithi, lakini maktaba ni ya kweli, nayo yasimama katikati ya jiji la Nairobi hata leo.

KIFUNGU

The McMillan Memorial Library, in the middle of Nairobi, was opened in 1931. For more than twenty-five years Africans could walk past its two stone lions, but they could not go in and read. In 1962 the City Council took the library over.

An old man who lived near Ngong Road used to tell his grandchildren about his first visit there. He did not ask for a book. He merely sat at a table for an hour, with his hat on his knees, and then walked home.

"Were you unable to read, Grandfather?" they would ask.

"I had read everything I could lay my hands on," he would reply. "That day I only wished to find out whether the chair would hold me."

The children laughed. He hardly smiled.

MASWALI

1. For how long were Africans kept out of the library?
2. Who are "they" in "they would ask"?
3. Was the old man unable to read? Give a reason from the passage.
4. Explain the meaning of "lay my hands on" as it is used in the passage.
5. What did the old man really wish to find out?
6. How did the feelings of the children differ from those of the old man?
7. Join these into one sentence beginning with "Instead of": He did not ask for a book. He merely sat at a table.
8. In not more than twenty words, say what the old man did on his first visit.

Sasa tuyatazame majibu, na katika kila jibu tuchukue kanuni moja ya kukaa nayo.

KANUNI YA KWANZA: SOMA MARA TATU

Msichana wa kwanza alisoma kifungu mara moja, upesi, akaanza kuandika. Wa pili alisoma mara tatu. Mara ya kwanza alisoma bila kusimama, apate kujua habari yenyewe ni ya nani na yahusu nini. Kisha akasoma maswali yote manane. Mara ya pili alisoma kifungu akijua anachotafuta, akapiga mstari mwembamba kwa kalamu ya risasi chini ya kila mahali palipogusa swali. Mara ya tatu alirudi kwenye mistari ile tu, akaandika. Kwa kifungu kifupi kama hiki kazi hiyo haikumchukua dakika sita. Watu husema kwamba kusoma mara tatu ni kupoteza wakati. Kwa kweli apotezaye wakati ni yule aandikaye jibu, akalifuta, akaandika jingine.

KANUNI YA PILI: USIONGEZE HESABU YAKO

Katika swali la 1, msichana wa kwanza aliandika kwamba Waafrika walizuiwa miaka 31. Alitoa 1931 katika 1962. Hesabu yake ni sahihi, lakini jibu ni kosa. Kifungu hakikusema kwamba milango ilifunguliwa kwa Waafrika mwaka 1962. Kilisema kwamba mwaka huo halmashauri ya jiji iliichukua maktaba. Hayo ni mambo mawili. Muda wa kuzuiwa umetajwa wazi katika sentensi ya pili, na msichana wa pili aliunakili: for more than twenty-five years. Mtahini akitia tarakimu mbili karibu karibu, mara nyingine ni mtego. Kabla ya kutoa au kujumlisha, uliza kwanza: je, jibu limekwisha kuandikwa?

KANUNI YA TATU: WEKA KIDOLE JUU YA MSTARI

Swali la 3 ndilo lililowatenga wasichana hawa. Wa kwanza aliandika kwamba naam, mzee hakuweza kusoma, kwa sababu siku zile Waafrika wengi hawakuwa wamepelekwa shuleni. Tazama jinsi jibu hilo linavyopendeza! Lina sababu, lina historia, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Lakini halimo katika kifungu. Mzee mwenyewe amesema kwamba alikuwa amesoma kila alichoweza kukipata. Jibu la msichana wa pili lilikuwa fupi: No. He says that he had read everything he could lay his hands on.

Basi hii ndiyo kanuni kubwa kuliko zote. Kwa kila jibu uliloandika, weka kidole chako juu ya mstari wa kifungu unaolithibitisha. Kidole kikikosa pa kukaa, jibu hilo limetoka kichwani mwako. Huenda likawa kweli duniani, lakini si kweli ya kifungu, na mtahini hana alama ya kukupa.

Na angalia kwamba hatari hii huzidi pale kifungu kinapogusa mambo tunayoyajua. Tukipewa habari ya theluji, twasoma kwa uangalifu kwa sababu hatuijui. Tukipewa habari ya Nairobi, au ya ubaguzi uliowapata wazee wetu, mioyo yetu hutangulia mbele ya macho. Twaanza kujibu kwa yale tuliyosimuliwa nyumbani. Kusimuliwa huko ni jambo jema, na mahali pake ni katika insha. Katika ufahamu, mpe mwandishi nafasi amalize kusema.

KANUNI YA NNE: NENO HUPATA MAANA KWA MAJIRANI ZAKE

Swali la 4 lataka maana ya maneno "lay my hands on" kama yalivyotumika. Mwanafunzi anayefasiri neno moja moja atasema kwamba mzee aliweka mikono yake juu ya vitabu, kama mtu anayeombea mgonjwa. Lakini tazama majirani wa maneno hayo: alikuwa amesoma kila kitu ambacho aliweza... aliweza kufanya nini, ila kukipata? Jibu ni to find or to get. Usipojua neno, usitetemeke. Lifunike kwa kidole, soma sentensi nzima, ujiulize ni neno gani la kawaida lingeweza kukaa pale. Kisha lirudishe hilo ulilolipata ndani ya sentensi, uone kama limekaa sawa. Likikaa sawa, liandike.

Hivyo hivyo kwa swali la 2. "They" ni nani? Rudi nyuma hadi watu wengi wa mwisho kutajwa: his grandchildren. Hapa sisi wasemaji wa Kiswahili tuna jambo la kuangalia. Katika lugha yetu "alisema" yafaa kwa mwanamume na kwa mwanamke; katika Kiingereza hutumika he kwa mwanamume, she kwa mwanamke, na it kwa kitu. Kwa hiyo maneno hayo madogo hutupa habari bure, tukiyatazama. Ukichanganya he na she katika jibu lako, umemgeuza mtu wa kifungu kuwa mtu mwingine.

KANUNI YA TANO: TAMBUA LILILOFICHWA, LAKINI USIVUKE MPAKA

Swali la 5 lina neno really, nalo latuonya kwamba jibu la juu juu halitoshi. Msichana wa kwanza aliandika kwamba mzee alitaka kujua kama kiti kilikuwa imara. Maneno ya mzee ndiyo hayo, lakini nia yake siyo hiyo. Kwa miaka zaidi ya 25 watu wa rangi yake hawakuruhusiwa kuingia. Sasa ameingia, ameketi saa nzima, kofia juu ya magoti, bila kitabu. Alikuwa akingoja nini? Alikuwa akiona kama kuna mtu atakayekuja kumwondoa. Jibu ni hili: He wished to find out whether he would really be allowed to sit there like any other reader.

Jibu hilo halimo katika mstari mmoja, lakini kidole kina pa kukaa: mstari wa miaka 25, mstari wa kiti, na mstari wa saa nzima. Ukiunganisha mistari mitatu na kupata jibu, huko ndiko kutambua lililofichwa. Ukitunga jibu pasipo mstari hata mmoja, huko ni kubahatisha.

Swali la 6 lina mpaka wake pia. Watoto walicheka, mzee karibu hakutabasamu. Jibu: The children were amused, but the old man was serious. Wengi huandika kwamba mzee alikuwa na hasira. Hasira imetajwa wapi? Haikutajwa. Mtu asiyetabasamu aweza kuwa na huzuni, au mawazo mengi, au kumbukumbu. Chagua neno linalotosha ushahidi ulio nao, wala lisizidi.

KANUNI YA SITA: TII AMRI YA SWALI

Swali la 7 lataka sentensi moja, nalo limekupa mwanzo wake. Instead of asking for a book, he merely sat at a table. Baada ya Instead of, kitendo huchukua mwisho wa -ing. Anayeandika Instead of he asked amepoteza alama. Wala usiache neno merely. Sentensi ya pili ilikuwa nalo, basi na liwemo.

Swali la 8 ni muhtasari. Wameruhusu maneno ishirini. La ishirini na moja halitasomwa. Msichana wa pili aliandika: He sat at a table for one hour without asking for a book, and then returned home. Hesabu: ni maneno 17. Tazama alivyofanya. Kofia ameiacha, kwa sababu ni pambo la habari wala si tendo. Mazungumzo na wajukuu ameyaacha, kwa sababu hayakutukia siku ile. Tena hakuongeza neno kama "quietly" wala "sadly", kwa sababu kifungu hakikusema. Andika muhtasari wako kwanza mahali pa majaribio, hesabu maneno, punguza, kisha unakili kwa mwandiko safi.

MANENO MADOGO YENYE NGUVU

Mara nyingi mwanafunzi hushindwa si kwa maneno marefu, bali kwa maneno madogo anayodhani anayajua. Yaweke haya katika daftari.

Hardly: maana yake si sawa na ya hard. He worked hard maana yake alifanya kazi kwa bidii. He hardly worked maana yake karibu hakufanya kazi kabisa. Ni mambo mawili yanayopingana.

Few na a few: A few pupils came, walikuja wanafunzi kadhaa, nasi twashukuru. Few pupils came, walikuja wachache mno, nasi twasikitika. Herufi moja imebadili furaha kuwa huzuni.

Unless: maana yake isipokuwa, au kama si hivyo. Palipo na unless, tafuta sharti. Lisome mara mbili.

Only na merely: tu, basi. Yapunguza jambo. He merely sat: aliketi tu, hakufanya jingine.

Yes na no: hapa Kiswahili chatuponza. Mtu akituuliza, "Hakuja?" nasi twajua kwamba hakuja, twajibu, "Ndiyo, hakuja," maana twakubali kauli yake. Mwingereza akiulizwa hivyo hujibu, "No, he didn't." Katika Kiingereza yes huandamana na sentensi ya kukubali, na no huandamana na sentensi ya kukana, swali liwe limeulizwa namna yo yote.

MAZOEZI YA MAJUMA MATATU

Ikiwa mashindano yamekaribia, dakika 30 kila siku zatosha, wala hazihitaji fedha nyingi. Juma la kwanza, chukua kila siku habari moja fupi ya gazeti la Kiingereza, hata kama gazeti ni la mwezi uliopita. Isome mara tatu kama tulivyosema, kisha uandike kwa sentensi moja habari hiyo yasema nini. Juma la pili, tunga mwenyewe maswali matano juu ya kila habari: mawili ya mambo yaliyo wazi, moja la maana ya neno, moja la jambo lililofichwa, na moja la muhtasari. Anayejifunza kutega mtego hujua mitego ya wenzake. Juma la tatu, fanyeni wawili wawili. Mmoja ajibu, na mwenzake amwulize kila mara neno moja tu: "Wapi?" Anayejibu na aoneshe mstari. Asipouona, jibu lifutwe, hata kama ni zuri namna gani. Katika juma hilo la tatu tumieni saa, mzoee kumaliza katika dakika 35.

Wazazi, ninyi msiojua Kiingereza mwaweza kusaidia pia. Mwambie mwanao akusomee habari, kisha akueleze kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Akishindwa kukueleza, basi hakuifahamu, ijapokuwa ameisoma kwa sauti nzuri.

LILILO KUBWA KULIKO KIKOMBE

Mwalimu alipomchagua msichana wa pili, yule wa kwanza alimwendea akiwa na machozi. "Mwalimu, mimi nakijua Kiingereza kuliko yeye."

"Ni kweli, binti yangu," mwalimu akajibu. "Lakini nilikuuliza yaliyomo katika kifungu, nawe ukaniambia yaliyomo kichwani mwako."

Kisha akamwita yule wa pili, akamwuliza ni nani aliyemfundisha kuweka kidole juu ya mstari. Msichana alisita, akasema kwamba mjomba wake aliwahi kupanga chumba mahali pengine, akatia sahihi karatasi ya Kiingereza. Ndani yake palikuwa na mstari huu: The deposit will not be returned unless notice is given in writing. Mjomba alipotaka kuhama alimwambia mwenye nyumba kwa mdomo, mwezi mzima kabla, kwa adabu. Amana yake haikurudi. Alikuwa ameona neno deposit na neno returned, akaridhika. Not na unless hakuyatazama. "Tangu siku ile," msichana akasema, "kila karatasi inayoingia nyumbani, mjomba huniambia niisome kwa kidole."

Ndugu wasomaji, hiyo ndiyo sababu ya somo hili. Katika nchi yetu karatasi nyingi za mikopo, za kazi na za kupanga nyumba huandikwa kwa Kiingereza, na anayetia sahihi huhesabiwa kuwa ameelewa. Kikombe cha mashindano hukaa ofisini mwa mkuu wa shule, kikapata vumbi, lakini kijana aliyezoea kuuliza "Wapi?" atauliza hivyo mbele ya kila karatasi, maisha yake yote.

Yule msichana wa kwanza hakukata tamaa. Kila jioni, wakitoka shuleni, alikaa na mwenzake wakifanya mazoezi ya "Wapi?", mmoja akimpa mwenzake vitabu vya rafu yao, na wa pili akimwonesha mistari. Nafasi nyingine katika kundi ilipotokea muhula uliofuata, mwalimu hakuhitaji kufanya jaribio.

Nawe, chukua gazeti lililo karibu nawe usiku huu. Chagua habari moja. Isome mara tatu, andika maswali matano, mpe jirani ajibu, na kwa kila jibu mwulize: wapi?